Sayyid Mohamed Abdille Hassan: Siku Aliyokufa, Wengine Walilia na Wengine Wakashukuru

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tunamshukuru Allah (S.W.) kwa kutufikisha tena katika mwezi wa toba na Qur'an. Wakati unangoja adhana ya Magharibi, tende ziko kwenye sahani na sambusa zinakaangwa jikoni, hebu tukae kidogo na kisa cha mtu mmoja. Jina lake wengi wetu tumelisikia kwa wazee, lakini maisha yake wachache tumeyasoma.

Kwanza tuanze karibu. Mwanzoni mwa Juni 2016, siku chache tu kabla ya mwezi wa Ramadhan kuandama, viongozi wa Jubaland walitangaza kuwa Mohamed Kuno ameuawa. Huyu ndiye aliyetajwa na serikali ya Kenya kuwa mpangaji wa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Na huyu huyu aliwahi kuwa mwalimu na msimamizi wa madrasa hapa hapa mjini Garissa. Sasa jiulize, mtu kama huyo akifa Muislamu aseme nini? Ashangilie? Aombe rehema? Anyamaze? Na mtoto akiuliza nyumbani, baba na mama wamjibu vipi?

Swali hili si geni kwetu. Karibu miaka mia moja kabla ya hapo, mwishoni mwa 1920, lilizuka katika kila boma la Wasomali kuanzia Berbera mpaka mto Juba. Siku hizo aliyekufa alikuwa Sayyid Mohamed Abdille Hassan. Waingereza walimwita Mullah mwendawazimu. Wafuasi wake walimwita Sayyid, basi, bila kuongeza jina lingine. Na Waislamu aliowapiga vita walikuwa na majina yao ya kumwita.

KUZALIWA NA KUSOMA

Kwa kauli iliyo mashuhuri, Sayyid alizaliwa mwaka 1856 katika nchi ya malisho karibu na Buuhoodle, kaskazini mwa nchi ya Wasomali. Baba yake, Sheikh Abdille, alikuwa wa kabila la Ogaden, ambalo ndilo kabila la familia nyingi za hapa Garissa. Mama yake alikuwa Dhulbahante, na mtoto alikulia kwa wajomba zake, akichunga mifugo na kujifunza kupanda farasi kama watoto wenzake.

Lakini alikuwa mtoto wa kitabu. Aliihifadhi Qur'an akiwa bado mdogo, akaanza kufundisha wengine, na akiwa kijana tu watu wakawa wanamwita sheikh. Halafu akafanya kama walivyofanya wanafunzi wa zamani: akafunga mzigo wake akaenda kutafuta elimu. Alifika Harar, akafika Mogadishu, na inasimuliwa kuwa alifika hadi Sudan. Alirudi kwao, akaoa, akawa mtu wa kuheshimiwa. Kama angeishia hapo angekuwa mmoja wa masheikh wengi wema ambao historia haikuwaandika.

MAKKA NA BERBERA

Karibu mwaka 1894 alikwenda Hija. Huko Makka alikutana na Sheikh Mohamed Salih, kiongozi wa tariqa mpya ya Salihiyya, akawa mwanafunzi wake. Alirudi Berbera mwaka 1895 akiwa na moto moyoni. Alihubiri dhidi ya tumbaku na miraa. Ndiyo, miraa hii hii ambayo mpaka leo inakula mifuko ya vijana wetu. Alipinga pia baadhi ya mambo waliyoyazoea watu wa tariqa ya Qadiriyya, hasa kuwaomba masharifu na mawalii waliokufa wawe wasila kwa Mwenyezi Mungu.

Masheikh wa Qadiriyya wa Berbera, ambao walikuwa wengi na wenyeji, hawakukubali. Wakajadiliana naye hadharani, wakamkataa. Mpaka hapo hakukuwa na ubaya. Maulamaa wamejadiliana tangu zamani, na mjadala wa elimu haujaua mtu.

Lakini Berbera ilikuwa na jambo lingine. Waingereza walikuwa wameshaishika pwani, na karibu na mji kulikuwa na misheni ya Wakatoliki wa Kifaransa iliyokusanya watoto mayatima wa Kisomali na kuwalea katika Ukristo. Sayyid alipoona watoto wa Waislamu wamepewa majina ya kigeni na dini ya kigeni, aliumia sana. Na kwa kweli, ni Muislamu gani ambaye hangeumia? Mwaka 1897 aliuacha mji akarudi bara kwa wajomba zake.

VITA VYA MIAKA ISHIRINI

Huko bara alipata heshima haraka kwa sababu alikuwa mpatanishi. Makabila yaliyogombania visima na ngamia yalimfuata awaamue. Kutoka kwenye koo hizo mbalimbali akakusanya wafuasi, akawaita Madarwishi, wakafunga vilemba vyeupe. Mwaka 1899 alijitokeza Burao na maelfu ya watu na kutangaza jihadi dhidi ya Waingereza na Wahabeshi, ambao nao walikuwa wanavamia malisho ya Ogaden na kupora mifugo. Machi 1900 watu wake waliivamia kambi ya Wahabeshi Jigjiga.

Kuanzia 1901 mpaka 1904 Waingereza walimpelekea majeshi mara nne. Tarehe 17 Aprili 1903, mahali panapoitwa Gumburu, kikosi cha Kanali Plunkett kilizingirwa na kufutwa. Karibu watu 200 waliuawa, maofisa wote wakiwemo. Tukumbuke kuwa wengi katika waliokufa walikuwa askari Waafrika wa King's African Rifles, watoto wa masikini walioletwa kutoka mbali kupigana vita visivyokuwa vyao. Januari 1904 ikawa zamu ya Madarwishi. Huko Jidbali walisimama uwanjani mbele ya bunduki za mzinga, wakapukutika kwa mamia. Mwaka uliofuata, 1905, Sayyid alifanya mkataba na Wataliano huko Ilig, akapewa mahali pa kukaa.

Na wazee wetu wa huku kusini? Jubaland wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza wa Kenya, mpaka ilipokabidhiwa kwa Wataliano mwaka 1925. Watu wa Ogaden wa huku walikuwa na ugomvi wao wenyewe na serikali. Mwaka 1900 waliuawa afisa Jenner na walinzi wake, na mwaka 1916 Abdurrahman Mursaal wa Aulihan aliivamia kambi ya Serenli karibu na mto Juba. Hawakuwa jeshi la Sayyid, lakini maumivu yalikuwa yale yale: mgeni amekuja na bunduki, amechora mipaka, anataka ushuru na ngamia. Ndiyo maana jina la Sayyid lilipendwa hata mahali ambapo mguu wake haukukanyaga.

DAMU YA WAISLAMU

Ndugu msomaji, kama kisa kingekuwa hicho tu, kusingekuwa na swali lolote. Shujaa aliyepigana na mkoloni akifa analiliwa, mambo yanaisha. Lakini kisa kina upande wa pili, na tukiuficha tutakuwa tumewadanganya watoto wetu.

Sayyid alisema kuwa anayekataa kumfuata ni sawa na kafiri. Neno hilo ni dogo mdomoni lakini lina uzito wa mlima. Muislamu akishaitwa kafiri, ngamia wake wanakuwa halali, na kisha damu yake nayo inakuwa halali. Mwaka ule ule wa 1899, Madarwishi walikivamia kijiji cha watu wa Qadiriyya mahali panapoitwa Sheikh, wakaua na kupora. Makabila ya Isaaq yaliyokuwa chini ya Waingereza yakaporwa mara kwa mara. Hata kabila la baba yake halikusalimika: inasimuliwa kuwa ukoo wa Mohamed Zubeir wa Ogaden ulipokosana naye na kutuma wazee kutafuta suluhu, wazee hao hawakurudi kwao wakiwa hai. Na tangu lini kwa Wasomali mjumbe wa amani akauawa?

Mwaka 1909 ilifika barua kutoka Makka. Mwandishi alikuwa Sheikh Mohamed Salih, yule yule mwalimu wake. Alimlaumu kwa kuua na kupora Waislamu, na kumwonya kuwa kama hataacha basi yeye hana uhusiano naye tena. Barua ilisomwa, minong'ono ikaenea kambini, na wafuasi wengi wakamwacha, baadhi yao watu wake wa karibu. Sayyid hakuacha.

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo likatokea jambo ambalo Waislamu wa pwani yote ya Afrika Mashariki walilisikia kwa huzuni. Huko Biyoley, bara ya Barawa, alikuwa akiishi Sheikh Uways bin Mohamed al-Barawi. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, aliyesoma Baghdad, akaheshimiwa na masultani wa Zanzibar, na khalifa zake waliipeleka Qadiriyya mpaka bara ya Tanganyika na kwingineko, ambako watu wengi walisilimu kupitia kwao. Alikuwa amempinga Sayyid waziwazi kwa kasida zake. Madarwishi walifika, wakamuua yeye na wanafunzi wake kadhaa. Inasimuliwa kuwa habari ilipomfikia Sayyid, aliifurahia kwa shairi.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili litarudi. Mtu aliyehifadhi Qur'an alifurahia kuuawa kwa mzee mwingine aliyehifadhi Qur'an.

NJAA, NGOME NA NDEGE

Mwaka 1910 Waingereza walichoka wakarudi pwani, wakiyaachia silaha makabila yaliyokuwa upande wao. Nchi ikawa haina mwenyewe. Kila mwenye bunduki akalipa kisasi chake, Madarwishi wakapora, makabila yakaporana, kisha ukame ukaingia. Wasomali wa kaskazini wakauita wakati huo kwa jina la kula haramu, kwa sababu watu walikula hata visivyolika. Idadi ya waliokufa ilikuwa kubwa mno, na karibu wote walikuwa Waislamu.

Agosti 1913 Madarwishi walimuua Richard Corfield, mkuu wa polisi wa ngamia wa Waingereza, kwenye vita vya Dul Madoba. Shairi alilotunga Sayyid baada ya vita hivyo ni kati ya mashairi mashuhuri zaidi katika lugha ya Kisomali. Maana huyu mtu, pamoja na yote, alikuwa mshairi asiye na mfano. Wakati hakukuwa na redio wala gazeti, shairi lake lilisafiri kwa mdomo kutoka kisima hadi kisima, likafika mbali kuliko risasi. Mjini Taleex akajengewa ngome kubwa za mawe na mafundi wa Kiyemeni, akakaa humo kama mfalme.

Januari 1920 Waingereza walileta kitu ambacho Madarwishi hawakuwahi kukiona: ndege 12 za kivita. Tarehe 21 Januari ziliangusha mabomu Medishe, kisha zikaenda Taleex. Vita vilivyoshindikana kwa miaka ishirini vilimalizika kwa wiki tatu hivi. Sayyid aliponea chupuchupu na kukimbilia nchi ya Ogaden, akiwa amepoteza watoto na jamaa, wengine wameuawa na wengine wametekwa.

Gavana Archer alimtumia ujumbe wa masheikh na wazee, wakiwemo watu wa Salihiyya, kumwahidi usalama akikubali kusalimu amri. Alikataa. Hapo ndui ikawaingia watu wake na sotoka ikaingia kwenye mifugo yao. Makabila aliyoyapora miaka yote yakamfuata kulipiza. Mwishoni mwa 1920, huko Imi karibu na mto Shebelle, homa ya mafua ikamchukua, akiwa na umri wa miaka 64 hivi. Risasi haikumpata, bomu halikumpata, akafa kwa homa kama anavyokufa mtu yeyote.

HABARI ILIPOFIKA

Habari ya kifo hicho ilikutana na mioyo ya namna tatu.

Wa kwanza walilia. Hawa ni waliopigana pamoja naye na waliomwona kuwa ndiye mtu pekee aliyekataa kumpigia mzungu magoti. Kwao ilikuwa kama nguzo ya nyumba imeanguka.

Wa pili walishukuru. Hawa ni mjane wa Isaaq aliyeuliwa mume, familia ya kijiji cha Sheikh, wanafunzi wa marehemu Sheikh Uways kule Barawa, na watu wa Ogaden ambao wazee wao hawakurudi kutoka safari ya suluhu. Tusiwalaumu haraka. Mtu aliyeondokewa na dhulma hupumua, na kupumua si dhambi.

Wa tatu walinyamaza, na nadhani hawa ndio walikuwa wengi. Walikuwa na mtoto mmoja upande wa Madarwishi na binamu upande mwingine. Walimchukia mkoloni na walimwogopa Sayyid. Wakasema kuwa sote ni wa Allah na kwake tutarejea, wakaenda kunywesha ngamia.

Katika miaka iliyofuata hesabu ilibadilika. Vijana walioanzisha chama chao Mogadishu mwaka 1943, ambacho baadaye kiliitwa Somali Youth League, walikua katika nchi iliyogawanywa na wageni, na Sayyid akawa kwao alama ya ukombozi. Baada ya lugha ya Kisomali kupata maandishi rasmi mwaka 1972, Aw Jama Umar Isse alikusanya mashairi yake na yakachapishwa mwaka 1974. Serikali ya Mogadishu ikamchongea sanamu akiwa juu ya farasi. Baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, sanamu nayo ikaanguka. Na Ismail Mire, kamanda wake wa Dul Madoba ambaye aliishi miaka mingi baada yake, alitunga mashairi ya kuwaonya watu juu ya kiburi. Yeye alijua anachosema.

SASA SISI TUSEME NINI?

Watu wengine watakasirika nikiweka kisa cha Sayyid karibu na cha waliotushambulia mwaka 2015. Na wana haki ya kuuliza. Sayyid alipigana na majeshi yaliyoingia nchini mwake, wala hakuingia bwenini kuua wanafunzi waliolala. Si sawa, na wala sisemi ni sawa. Ninachosema ni kuwa mlango uliotokea ubaya ni mmoja: kumkufurisha Muislamu mwenzako kisha kuihalalisha damu yake. Mlango huo ukifunguliwa hauchagui anayepita. Aliyeufungua kwa nia ya kumtoa mkoloni alimfikia mzee wa Barawa aliyekuwa anasomesha.

Mwezi huu wa Ramadhan unatukumbusha kisa cha zamani zaidi. Sayyidna Ali (R.A.) alipigana na Makhawariji huko Nahrawan, watu waliosali sana na kusoma Qur'an sana, lakini wakawakufurisha Waislamu na kuwaua. Imepokewa kuwa alipoulizwa kama ni makafiri, alikataa kuwaita hivyo. Hakufanya kwao walivyofanya wao kwake. Na mwaka wa 40 Hijria, katika mwezi huu huu, mmoja wao, Ibn Muljam, alimpiga upanga wenye sumu. Imepokewa kuwa Ali, akiwa anakata roho, aliwausia watoto wake wamtendee mfungwa kwa wema na wasiukatekate mwili wake.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, kwa sababu ile ilikuwa nafsi ya mwanadamu. Alitukataza kuwatukana maiti, maana wameshafikia waliyoyatanguliza. Lakini pia alijizuia mwenyewe kumsalia aliyejiua, akatuonyesha kuwa kiongozi anaweza kukataa kulitukuza kosa bila ya kumtoa mtu katika Uislamu.

Basi kutokana na hayo tunapata njia. Mtu wa namna hii akifa hatupigi vigelegele, kwa sababu mauti si mchezo na yetu yako njiani. Hatumpambi pia. Hatumwiti shahidi kwa kuwa tu alisema maneno ya dini, na majirani zetu waliozika watoto wao wasituone tunalia kwa ajili ya aliyewaua. Dhulma tunaitaja kwa jina lake, mbele ya watoto, bila kujali aliyeitenda ni wa kabila gani. Hukumu yake tunamwachia Allah. Kisha tunarudi kwa waliobaki: wajane, mayatima na walioumia, maana wao ndio wenye haki ya futari yetu, sadaka yetu na dua zetu.

Na watu wetu wameshaonyesha kuwa wanaweza. Siku chache baada ya shambulio la chuo, wakazi wa Garissa waliandamana mitaani kuwalaani wauaji. Desemba 2015, basi la kwenda Mandera liliposimamishwa na wenye silaha karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016. Hakuwa na jeshi, wala ngome, wala mashairi. Lakini habari ya kifo chake ilipofika hakuna aliyegawanyika. Waislamu kwa Wakristo walimlilia pamoja.

Kijana, usiku wa leo baada ya Tarawehe mwulize babu au ayeeyo wako anakumbuka nini kuhusu Sayyid. Msikilize mpaka mwisho, usimkatize. Halafu mwulize pia kuhusu Sheikh Uways.

Allah awarehemu wote waliouawa kwa dhulma, awape subira waliobaki, azilinde ndimi zetu na mikono yetu, na azikubali swaumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.